Jina la Danar Kwenye Bango

Bango la Wiki ya Sanaa lilibandikwa kwenye ukuta wa kantini siku chache kabla ya wiki yenyewe, na Pak Marsudi, mwalimu wa ngoma, alilisoma amesimama, glasi ya chai mkononi. Lilikuwa bango zuri la manjano, wanafunzi wa uchoraji wamelipamba kwa mikono yao. Jumatatu, kwaya ya wafanyakazi. Jumanne, vivuli vya wanasesere wa ngozi. Jumatano, maonyesho ya batiki na picha katika ghala la zamani la mpunga. Alhamisi, mchezo wa kuigiza wa mwaka wa tatu. Jumamosi, kufunga wiki, Bu Pujiwati atacheza mchezo wake mpya wa dansi. Na chini ya jina la Bu Pujiwati, kwa herufi ambazo hata mwenye mtoto wa jicho angeziona: Ngoma, Danar.

Pak Marsudi akasoma tena, kwa sababu mtu akiona jambo lisilomwingia akilini huanza kwa kuyalaumu macho. Labda mchoraji kachanganya mistari. Labda Danar alipangiwa Jumanne. Akasoma hadi chai ikapoa, na jina lilikuwa palepale.

Bu Pujiwati alikuwa mkewe. Chuo chao ni kidogo, mtu akipiga chafya upande wa muziki anaombewa afya upande wa uchongaji, na chuo kizima kilijua kwamba Bu Pujiwati akipanda jukwaani anayempigia ngoma ni Pak Marsudi, hapana mwingine. Ilikuwa hivyo tangu hawajaoana. Danar naye ni nani? Ni mwanafunzi wa Pak Marsudi mwenyewe! Yeye ndiye aliyemfundisha kushika ngoma, akamfundisha hata kukaa. Sasa karudi kutoka masomoni mjini Solo na shati lililonyooshwa kwa pasi, kapewa ualimu, na wasichana wa mwaka wa kwanza wanapita mlangoni kwake bila sababu.

"Pak," aliita Yu Kemi mwenye kantini, akigeuza tempe, vipande vya soya iliyochachushwa, kwenye mafuta, "mwaka huu umestaafu au umeachwa?"

"Nimeomba nipumzike."

"Ahaa. Umeomba." Yu Kemi akapuliza moto. "Basi pole na mapumziko. Mbona uso umekuwa kama umekula tempe ya juzi?"

Pak Marsudi akacheka, akalipa, akaacha chai yake mezani.

Lazima ieleweke huyu mzee alinyang'anywa nini. Katika uchezaji wao, mpigaji ngoma na mchezaji hawaachani hata kwa pumzi moja. Kila pigo lina kiungo chake: hili la bega, hili la kifundo cha mkono, hili la kushuka taratibu mpaka chini, hili la kuinuka. Ngoma ikiita, mwili unaitika. Pak Marsudi alimpata mke kwa njia hiyo, na kwenye harusi za watu alipenda kutamba, "Nilimtikisa bega kabla sijamjua jina." Watu walicheka, Bu Pujiwati akiinamisha kichwa, na yeye alijiona mwanamume kuliko wote waliokuwapo. Sasa bega lile angelitikisa Danar, hadharani, mbele ya mkuu wa chuo na wazazi wa wanafunzi.

Jioni alimkuta mkewe kakaa mkekani barazani, anashona vazi la Jumamosi. Kwao mume haingii nyumbani na swali mdomoni. Anaanza na mvua. Pak Marsudi alianza na mvua, akaja kwenye bati linalovuja, akapitia kwa njiwa wake ambaye hakulia vizuri asubuhi, ndipo akafika.

"Bango limetoka."

"Nimeliona."

"Rangi yake nzuri."

"Nzuri."

"Ila nadhani wamekosea mahali."

"Hawajakosea, Mas," alisema mkewe; kwao mke humwita mume Mas, kaka, naye mume humwita Dik, mdogo wangu.

Sindano ikaingia, ikatoka.

"Jina lile umeliweka wewe, Dik?"

"Mimi."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia ungeuliza kwa nini."

"Na nina haki ya kuuliza!"

"Ndiyo maana sikukuambia." Bu Pujiwati akakata uzi kwa meno. "Wewe nimekuweka kwenye upatu mkubwa. Ni mahali pa heshima."

Ni kweli, upatu mkubwa una heshima zake. Unawekewa maua na ubani, na hakuna anayethubutu kuuruka wala kuuelekezea mguu. Lakini mpigaji wake hugonga mara moja, kisha hungoja wenzake wazunguke wimbo mzima ndipo agonge tena. Hupewa wazee wanaosinzia. Pak Marsudi alitaka kusema hayo yote, na mengine mabaya zaidi, ila mkewe alimwomba amletee maji ya kunywa, naye akaenda kuyaleta. Aliporudi hasira ilikuwa imekosa mahali pa kuanzia.

Tangu siku ile akawa hana raha. Mkewe akitoka kwenda mazoezini amejipaka manukato, roho yamuuma. Akirudi anacheka peke yake, yamuuma zaidi. Kumbe alikuwa anajipaka manukato yaleyale miaka yote, lakini mwenye wivu hana kumbukumbu. Na lile jina! Mkewe alikuwa anamwita Danar "Nar". Nar kasema hivi, Nar kaja na wazo hili, kana kwamba jina zima lingemchosha ulimi. Yeye mumewe hakuwahi kufupishwa.

Mazoezini hakwenda. "Upatu hauhitaji mazoezi," aliwatumia wapigaji ujumbe, "wimbo ninaujua." Na wimbo kweli aliujua, ulikuwa wa zamani, angeupiga usingizini. Alisusa, basi, apate kuombwa, na hakuna aliyemwomba.

Siku ya Jumatano, watu wakiwa ghalani wanatazama batiki, alizunguka nyuma ya ukumbi wa mazoezi. Madirisha ya ukumbi yako juu, ya kupitisha hewa tu. Mwalimu mwenye heshima zake akakisogeza chungu cha maua ukutani, akapanda. Alimwona Danar, ngoma mapajani. Juu ya vichwa vya wapigaji aliona mikono ya mkewe ikipanda na kushuka. Kilichokuwa chini ya mikono kilifichwa na vichwa. Akatega sikio. Ngoma haikusikika! Marimba za shaba zilikwenda polepole, na yule kijana alikuwa ametulia tuli, anamtazama. Akagusa ngozi kwa kidole kimoja, puu, kisha akanyamaza tena na kuendelea kumtazama.

"Huku ndiko kupiga ngoma?" Pak Marsudi alijiuliza. Akili ilimwambia kijana hajui kazi. Wivu ulimwambia mengine. Mke wa mtu anatazamwaje hivyo, mchana kweupe, tena polepole? Na mwenye mke wake yuko juu ya chungu cha maua.

"Pak, unatafuta nini?" Msichana mmoja wa uchoraji alikuwa kasimama nyuma yake na ndoo ya brashi.

"Nyuki," alisema Pak Marsudi. "Nimesikia kuna nyuki."

"Wanauma, Pak."

"Najua wanauma."

Alhamisi ikamaliza kazi. Katika mchezo wa kuigiza wa kwao lazima wawepo wachekeshaji wawili, bwana na mtumishi wake, na wachekeshaji wana ruhusa ya kumsema yeyote ukumbini, kuanzia mkuu wa chuo hadi mlinzi. Anayekasirika ndiye anayeaibika. Mtumishi akamuuliza bwana wake, "Ndoro, bwana wangu, Jumamosi mkeo anacheza wapi?"

"Hapahapa."

"Na wewe utakuwa wapi?"

"Nyuma kabisa, kwenye upatu. Napiga moja, nalala. Naamka, napiga la pili, nauliza: jamani, mke wangu bado yupo?"

Ukumbi ulipasuka. Watu walishika mbavu, walipigana magoti, na waliokuwa mbele waligeuka wote kumwona Pak Marsudi anacheka vipi. Alicheka. Alicheka kuliko wote, mpaka meno ya nyuma yakaonekana, na humo ndani akakata shauri. Jumamosi angempigia mkewe ngoma yeye mwenyewe, na hakuna mtu ambaye angeweza kumzuia. Alijua njia.

Njia yenyewe ilikuwa adabu. Kwa wapigaji wa kwao, mdogo hawezi kukaa kwenye ngoma mwalimu wake akiwa hapo bila kumkaribisha. Sharti aje, amwambie karibu ukae wewe. Na mwalimu sharti akatae. Mdogo akaribishe tena, mwalimu akatae tena, mara tatu, ndipo mdogo anakaa na heshima ya kila mtu imebaki mahali pake. Pak Marsudi alikuwa akiwafundisha wa mwaka wa kwanza mambo hayo kabla hata hawajagusa chombo. Hakuna aliyewahi kukubali, kwa vile karibu ile hutolewa ili ikataliwe.

Jumamosi jioni ukumbi ulijaa hadi ngazini. Wapigaji walikuwa wamekaa, vilemba vimefungwa, upatu umevikwa maua. Taa za jukwaani zilikuwa bado zimezimwa. Danar akaja kwa kuchuchumaa, kama inavyompasa mbele ya mwalimu, akamwonyesha mahali pa ngoma kwa kidole gumba, kwa adabu ya kwao.

"Karibu, Pak. Kaa wewe."

"Haya," alisema Pak Marsudi.

Kidole gumba kikabaki hewani.

"Samahani, Pak?"

"Nimesema haya. Ahsante, mwanangu." Akanyanyuka, akampita, akakaa kwenye ngoma. Wapigaji wakatazamana. Mkono wa mwenye marimba ulisimama na nyundo juu, lakini nani amwambie mwalimu kwamba hakupaswa kukubali alichokaribishwa? Danar aliinama, uso umempauka, akaenda akakaa kwenye upatu. Tazama raha ya mwenye wivu: Pak Marsudi alikunja mikono ya shati na kwa mara ya kwanza tangu bango lile alipumua hadi chini.

Taa zikawaka. Bu Pujiwati alikuwa ameketi katikati ya jukwaa, vazi limemzunguka, mikono mapajani. Pak Marsudi alidhani huo ni mwanzo tu. Akamwita kwa pigo la kuinuka.

Bega la mkewe likashtuka. Alijua hapohapo ni nani, hakuwa na haja ya kugeuka. Alikaa kitambo kidogo macho chini. Kisha akasimama.

Wapigaji kadhaa walikosea noti, kosa ambalo watu wa ukumbini hawakulisikia. Waliona mwanamke wa umri wake akiinuka kama uzi uliovutwa kwa juu, na wakanung'unika kwa furaha. Pak Marsudi akaita bega, bega likaja. Akaita kiuno, kiuno kikaja. Akampa mapigo yote ya ujana wao, ya haraka, ya madaha, na mkewe aliyajibu yote bila kuchelewa hata moja. Mko wapi sasa, wachekeshaji? Yuko wapi huyo Nar? Alimwangalia Danar kwa pembe ya jicho amwone anavyoungua, na Danar alikuwa hamtazami yeye. Alikuwa anatazama miguu ya Bu Pujiwati, rungu la upatu amelikumbatia kwa mikono miwili.

Pak Marsudi akaita pigo la kushuka. Mkewe akashuka, taratibu, mgongo umenyooka, mpaka chini. Akaita la kuinuka.

Hakuinuka.

Akaita tena, kwa nguvu zaidi, akidhani hakusikia. Mkewe alibaki chini, tabasamu la jukwaani usoni, mikono ikianza kucheza peke yake. Akaita mara ya tatu. Yule wa marimba akamwinamia.

"Mas, unafanya nini? Mchezo wote ni wa kukaa."

"Wa kukaa vipi?"

"Anacheza amekaa, mwanzo mpaka mwisho. Goti lake halimbebi. Hukujua?" Yule mzee akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Sisi tulidhani wewe ndiye unayejua kuliko wote."

Hapo ndipo Pak Marsudi alipomtazama mkewe. Usiku ule wote alikuwa amemsikiliza kupitia mikono yake mwenyewe, hakumtazama. Sasa aliona kitambaa kinatetemeka juu ya goti la kulia. Aliona jasho limepasua poda kwenye kipaji. Aliona pia jambo ambalo hakutaka kuliona: mikono ile, hapo chini, ilikuwa inasema mambo asiyoyajua. Kidole kilifunguka polepole, kikangoja kitu. Pak Marsudi akapiga. Kidole kikajikunja kama kilichofokewa. Kikafunguka tena, kikangoja, na mikono yake, iliyozoea kuamrisha, ikapiga tena mapema. Hakujua kungoja. Maisha yake yote hakuwahi kumngoja mchezaji, na hasa huyu.

Akapunguza mapigo mpaka yakabaki yale ya kuwashikilia wapigaji tu wasipotee. Akageuka kwa Danar, akamwonyesha ngoma kwa kidole gumba.

Danar akatikisa kichwa, mkono kifuani. Adabu. Akamkaribisha tena, na kijana akakataa tena, macho chini, kama alivyofundishwa na Pak Marsudi mwenyewe. Mkewe alikuwa anangoja kule chini na vidole vimefunguka, na hawa wawili walikuwa wanaheshimiana.

"Njoo!" alisema Pak Marsudi, kwa sauti iliyofika mstari wa tatu. "Njoo, mwanangu. Mimi siwezi."

Danar akaja. Akaingiza mkono wake kwenye pigo, Pak Marsudi akatoa wake, wimbo haukukatika. Mzee akatambaa hadi kwenye upatu, akakaa. Na hapo, bila kazi ya kufanya kati ya pigo na pigo, alimwona mkewe akicheza. Danar alimtazama na kungoja. Kidole kikifunguka, puu, baada yake, si kabla. Bu Pujiwati aliacha kutabasamu lile tabasamu la jukwaani, na uso uliobaki Pak Marsudi hakuwahi kuuona, hata nyumbani. Alikuwa mzuri mno. Wivu haukumtoka. Alitamani apige kelele kwamba huyu ni wangu, na hapohapo aliona kwamba mwanamke ambaye yeye alimpigia ngoma miaka yote hakuwapo ukumbini, na huyu aliyekuwapo hawajawahi kucheza pamoja. Akagonga upatu palipostahili.

Watu walipiga makofi kwa muda mrefu. Mkuu wa chuo alifuta miwani. Taa zilipozimwa na watu kuanza kutoka, Danar alikuwa wa kwanza kupanda jukwaani. Alipiga goti upande wa kulia wa Bu Pujiwati, akainamisha bega, naye akaweka mkono wake juu ya bega lile bila hata kutazama, jinsi mtu anavyoshika nguzo ya nyumba yake. Walikuwa wamelifanya hilo mara nyingi. Pak Marsudi alikuwa amefika mbele yao, rungu la upatu bado mkononi. Hata macho ya Danar aliyoyaona kupitia dirishani hayakumchoma namna hii.

"Mwache kwanza," alimwambia Danar.

Danar akamtazama Bu Pujiwati. Alipoona amemwitikia kwa kichwa, aliondoka kwa kurudi nyuma, akabaki karibu na pazia. Hata kuondoka kwake alikuwa anaomba ruhusa kwa huyu mwanamke, si kwa mumewe.

"Tangu lini?" aliuliza Pak Marsudi.

"Tangu mvua za mwaka jana."

"Na ukamwambia yeye."

"Sikumwambia. Aliona." Bu Pujiwati alikuwa anahema bado. "Usinune, Mas. Wewe nisingeweza. Wewe ukipiga, mimi nasimama. Umeona mwenyewe. Hata daktari angekuwa amenifunga kamba, ningesimama."

Maneno hayo yangemfurahisha mwanamume yeyote, na kwa nukta moja yalimfurahisha. Kisha akafikiria nyumba yao, mkeka wa barazani, kitanda cha chini, choo cha kuchuchumaa, na kila mahali mtu anapokaa na kutakiwa ainuke.

"Na nyumbani," alisema, "unainukaje?"

Bu Pujiwati alianza kuchomoa maua nywelani, moja moja, akiyaweka mapajani.

"Nasubiri utoke," alisema.